Hakuna Aliyesema Ndiyo

Georgette alizaliwa Likasi, akakulia Likasi, akaolewa Likasi, na mpaka alipokuwa na watoto wawili hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye ni wa wapi. Baba yake alivunja mawe ya chokaa kule Kakontwe hadi mapafu yakamshinda. Mama yake alikuwa Msanga, kabila la hapohapo Katanga. Mumewe, Kazadi, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha shaba, mtu mrefu, mpole, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku ambazo kazi haikuwapo. Baba yake Kazadi ndiye aliyeletwa kutoka Kasai enzi za Wabelgiji, angali kijana asiye na ndevu. Kazadi mwenyewe Kasai hakuijua. Aliisikia kwa wazee tu, kama mtu anavyosikia habari za Roma. Nyumbani walisema Kiswahili. Wakigombana, waligombana kwa Kiswahili, na watoto wao, Jessy na mdogo wake Exaucé, walisali kwa Kiswahili.

Mwaka wa tisini na mbili kiwanda kilikuwa kimeanza kufa. Mitambo ilizimwa mmoja baada ya mwingine, mishahara ikawa hadithi, na maji yakakatika majumbani. Mtaa wao wa Kikula ukabaki na bomba moja pale kona, lililotoa maji alfajiri na kwa saa chache tu. Wanawake walikuwa na desturi yao hapo. Anayefika anaweka ndoo yake nyuma ya ndoo aliyoikuta, kisha anarudi nyumbani kuwasha moto. Ndoo ndiyo iliyomsimamia. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, wala hakuna aliyeilinda, na haikuvunjwa hata siku moja.

Katika siku hizohizo redio ilikuwa ikisema. Watu wakubwa walisimama mbele ya makutano wakasema kwamba Katanga ina wenyewe, na kwamba wageni wa kutoka Kasai wamekalia kazi, nyumba na madaraka ya watu. Mtaani hakuna aliyeyazungumza maneno hayo kwa sauti. Georgette alikaanga mikate yake mlangoni kama kawaida, na majirani walinunua kama kawaida. Ila aliona kitu. Mtu alipopita akiwa na redio mkononi, watu walikuwa wanamwangalia jirani kwanza kabla ya kuamua sura zao ziweje.

Asubuhi moja alifika bombani akaikuta ndoo ya bibi Kabedi mwishoni kabisa mwa mstari. Kila mtu alimwita Nkambo, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuwa nyanya wa wote. Alikuwa mjane wa Kikasai aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Georgette, na ndoo yake, ya bluu yenye mpini wa kamba, huwa ya kwanza au ya pili kila siku, maana wazee hawalali sana. Georgette mwenyewe alikuwa ameiona mbele kabisa alipopita gizani kwenda kutafuta kuni. Sasa ilikuwa nyuma, imelalia ubavu.

Nkambo alikuja, akaitazama ndoo yake, akawatazama wanawake.

"Nani njo ametosha ndoo yangu?" aliuliza, bila ukali, akionyesha pale mbele ilipoondolewa.

Wanawake kumi na kitu walikuwa pale. Georgette alimtazama Gertrude, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Gertrude alimtazama Joëlle, mke wa fundi mwenzake Kazadi. Joëlle aliyatazama maji. Ilikuwa rahisi kabisa kunyanyua mguu, kuishika ile kamba na kuirudisha ndoo mbele. Georgette aliliwaza hilo vizuri, hata mkono wake ukafunguka. Kisha akawaza: kwa nini hakuna anayefanya hivyo? Bila shaka wamekubaliana. Bila shaka kuna jambo wanalolijua ambalo mimi, mke wa Mkasai, sikuambiwa. Mkono ukajifunga.

Nkambo aliinua ndoo yake, akaisimamisha palepale mwishoni, akangoja. Maji yalikatika kabla ya zamu yake.

Kesho yake ndoo mbili zilikuwa nyuma. Kabla juma halijaisha wanawake wa Kikasai walikuwa wakija wenyewe baada ya wengine wote kuondoka, bila kuambiwa na mtu. Ndoo ya Georgette haikuguswa. Jambo hilo lilimtia hofu zaidi kuliko kama ingeguswa, kwa kuwa lilikuwa na maana kwamba kuna mahali anapimwa, na kipimo hakijasimama bado.

Kisha yakaja matawi. Nyumba moja upande wa juu wa mtaa ilifunga tawi la majani mabichi kwenye nguzo ya lango. Ilisemekana, na hakuna aliyejua nani alisema, kwamba vijana wanaowafukuza Wakasai wakipita watajua hapo ni kwa mtoto wa udongo huu, wataruka. Adhuhuri nyumba ya pili ilikuwa na tawi. Jua lilipoanza kushuka karibu mtaa mzima ulikuwa wa kijani kana kwamba ni sikukuu ya Matawi, na zile nyumba zisizo na kitu zikawa zimesimama uchi. Hakuna aliyezitaja. Hakukuwa na haja.

Alexis, kaka mkubwa wa Georgette, alifika na tawi begani. Hakuketi.

"Funga hii," alisema.

"Yaya, na baba ya batoto?" Georgette alimwuliza kaka yake.

"Weye uko mutoto wa hapa. Batoto ni ba mama yabo. Yeye aende kwabo kwanza, kiisha tutaona."

"Kwabo wapi? Yeye hata njia ya Kasai hajue."

Alexis alitazama barabarani kabla ya kujibu, na hapo Georgette aliona kwamba kaka yake pia anaogopa. Aliogopa kuonekana amesimama sana kwenye lango lisilo na majani. "Bote banafanya vile, Georgette," alisema. "Minye niko nani?"

Alipoondoka, Georgette alilifunga lile tawi. Alifanya haraka, fundo likawa la kitoto. Kazadi alirudi, akasimama langoni na shati lake jeupe, akaligusa jani moja.

"Hii majani inanificha," aliuliza taratibu, "ao inanifukuza?"

Georgette alipakua bukari, ugali wao, wakala. Jessy, ambaye alikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa, aliwatazama wazazi wake kwa zamu na hakuuliza lolote, na Georgette akaona kwamba ugonjwa wa mtaa umeingia ndani ya nyumba yake.

Siku vijana walipofika kwa Nkambo Kabedi ilikuwa mchana mweupe. Walikuwa na vitambaa kichwani na marungu mikononi, na wengi wao walikuwa wageni mtaani. Walitoa kitanda, sufuria, picha ya Bikira Maria, wakaviweka barabarani kwa utaratibu, kama watu waliolipwa kuhamisha mizigo. Mmoja wao aliwaita Wakasai wadudu, na wenzake wakacheka. Nkambo aliketi juu ya kitanda chake katikati ya barabara. Nyuma ya kila pazia palikuwa na jicho. Georgette alisimama nyuma ya lake akihesabu nyumba: kutoka pale mpaka hapa ni mbili tu.

Walipoondoka, alitoka. Baadaye, watu walipomsifu kwa jambo hilo, alikataa sifa. Alisema miguu ilitoka yenyewe, kwa sababu kukaa ndani na kusubiri kulikuwa kunamuua. Alimshika Nkambo mkono akamwingiza kwake, na kote barabarani alihisi yale mapazia yakimtazama, asijue yanasema nini.

Baada ya hapo alingoja zamu yake.

Ilikuja bombani. Wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao, maji yakitoka kwa uzi mwembamba, vijana sita walipojitokeza kwenye kona. Aliyewaongoza alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Tunatafuta nyumba ya Kazadi. Mukasai wa usine ya shaba. Banasema iko na majani ya uongo."

Georgette alikuwa wa nne katika mstari. Vijana hawakumjua. Walijua jina la mumewe tu, na mumewe wakati huo alikuwa nyumbani, nyuma ya tawi lile lenye fundo la kitoto, akimkata Exaucé nywele.

Kijana akamsogelea Gertrude, aliyekuwa wa kwanza. "Mama, nyumba yake iko wapi?"

Gertrude alikuwa mwoga tangu utoto, Georgette alimjua. Alikuwa akikimbia hata kuku aliyechinjwa. Aliinama akafunga bomba, polepole, kama mtu anayetafuta muda. Georgette alisikia tone la mwisho likianguka. Akawaza: sasa. Sasa atanyoosha mkono, na wote watafuata, kama walivyofuata ndoo, kama walivyofuata majani.

"Simujue," alisema Gertrude.

"Unasema?"

"Nimesema simujue muntu mwenye jina ile."

Kijana akageukia wa pili. Huyo alimtazama Gertrude, mara moja tu, kwa haraka. "Hata minye simujue." Wa tatu alikuwa amekwisha kutikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Kisha yule kijana akasimama mbele ya Georgette. Alikuwa na kovu dogo mdomoni, na pumzi yake ilinuka pombe ya mahindi. Georgette aliona pete ya ndoa ikimulika kwenye kidole chake mwenyewe kilichoshika ndoo. Alijua kwamba akichelewa sauti itamsaliti, na akiwahi itamsaliti pia. Kanisani alifundishwa tangu utotoni habari za yule mtume aliyemkana bwana wake kando ya moto, akalia. Alikuwa akimdharau daima.

"Simujue," alisema.

Kijana alimwamini. Akapita. Lakini bado alibaki Joëlle, na Joëlle ndiye aliyemwogopesha zaidi, kwa kuwa mtaa mzima ulijua kwamba kiwandani nafasi ya Kazadi, akiondoka, ingemwangukia mume wake. Joëlle aliwatazama wanawake wenzake wote, mmoja mmoja, kama anayesoma. Kisha akaweka ndoo chini.

"Minye namujua," alisema.

Georgette aliuficha mkono wenye pete nyuma ya ndoo.

"Namujua," Joëlle akaendelea, "lakini mumechelewa. Alisha kwenda ku gare kupanda treni, na bibi yake na batoto, tangu juzi. Mule munalala bantu ba hapa. Mukivunja nyumba ya bantu ba hapa, mutajibu weye na benzako."

Yule kijana alitema mate, akasugua macho. Wakaondoka kuelekea mtaa wa chini. Muda si mrefu moshi ulionekana huko.

Pale bombani wanawake walirudi kwenye ndoo zao. Hawakukumbatiana, hawakupongezana. Gertrude alifungua maji tena, na walipokwisha kuchota kila mmoja alikwenda zake haraka, kana kwamba walikuwa wameiba.

Alasiri Gertrude alikuja kwa Georgette kwa mlango wa nyuma. Aliketi jikoni, akaanza kulia kabla hajasema.

"Unisamehe kwa ndoo ya Nkambo," alisema. "Nilitaka kuirudisha. Nikakuangalia weye. Weye uko na bwana Mukasai, nikasema, kama Georgette hasemi kitu, basi iko na sababu. Nikanyamaza."

Georgette alimkodolea macho. "Minye nilikuangalia weye."

"Na majani vile vile. Nilisema mutaa muzima unataka. Joëlle naye anasema hivyo. Alifunga yake juu ya kuona yangu, minye nilifunga juu ya kuona ya Mama wa kule kona. Kumbe nani alitaka?"

Lilikuwa jambo la kutisha kuliko marungu: kwamba mtaa mzima ulikuwa umekubali neno ambalo huenda watu wawili au watatu tu walilitaka, na waliobaki kila mmoja alikuwa amelibeba akidhani ni la mwenzake. Kazadi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alikubali tu, "Njo vile," na akatoka nje.

Gertrude alishika mkono wa Georgette. "Kesho asubuhi tutoshe majani. Shiye bote, wakati mumoja. Nitaambia Joëlle, Joëlle aambie bale wengine."

Asubuhi Georgette alikata lile fundo. Gertrude alitoa lake. Kwa Joëlle pia nguzo ilikuwa tupu. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alishika tawi lake, akatazama juu ya mtaa, akatazama chini, akaliacha. Nyumba mbili nyingine zilitoa. Nyingi zilingoja zione. Kwa muda wa kunywa chai ilionekana kama inawezekana; Georgette aliwahi kusema kwamba katika maisha yake hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani mkono wa yule mama wa ng'ambo ushuke na majani.

Kisha habari ikaja kwamba kule mtaa wa chini vijana wamechoma nyumba isiyo na tawi, na mwenyewe alikuwa Msanga mtupu. Kufika adhuhuri matawi yalikuwa yamerudi, hata kwa Joëlle. Gertrude alifunga lake huku akilia, bila kumtazama Georgette. Georgette hakumlaumu. Wanawake wachache wa bomba moja waliweza kuwazuia vijana sita kwa asubuhi moja. Mji mzima ulikuwa kitu kingine, ulikuwa umekwisha kuelemea upande mmoja.

Kazadi alikunja mashati yake. "Nitakwenda Kasai na Nkambo," alisema. "Weye bakia na batoto. Yaya yako atakulinda."

Alexis alifika kusema vilevile, na kwa mara ya kwanza aliketi. Aliongea sana. Alitaja barabara, njaa, magonjwa, na lugha asiyoijua. Kila alichosema kilikuwa kweli, na Georgette aliogopa kila kimoja. Lakini alipofikiria kubaki ndani ya nyumba ile, akiamka kila siku kusoma nyuso za watu ili ajue leo anaruhusiwa kuwa nani, aliogopa zaidi.

"Nilisha kumukana mara moja, yaya," alisema. "Ya pili sitaweza."

Walikwenda wote, pamoja na Nkambo. Stesheni ilikuwa mji mwingine. Maelfu ya watu walilala kando ya reli chini ya maturubai na mashuka, kwenye ghala, kwenye varanda, wakingoja treni ambazo zilikuja zikitaka au hazikuja kabisa. Mvua zilianza. Watoto waliugua surua, watu wakahara, na kila asubuhi palikuwa na jamaa wanaotafuta jembe. Exaucé alishikwa na homa, Georgette akamkumbatia usiku na mchana akisikiliza pumzi yake. Gertrude alikuja na bukari iliyofungwa kwenye kitambaa. Siku nyingine alikuja Joëlle. Siku nyingine mwanamke wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye mkono wake haukushuka. Aliweka chakula chini, akasema "Kwa batoto," akakimbia. Hawakuwa wamepanga zamu.

Homa ya Exaucé ilishuka. Treni ilipopatikana walipanda mabehewa ya mizigo, watu juu ya watu. Jessy alimshika Nkambo mkono njia nzima. Nkambo hakufika. Alizimika kabla ya Kamina, kimya, ameketi, na walimzika kando ya reli treni iliposimama, kwenye udongo mwekundu ambao ulikuwa bado ni wa Katanga. Kazadi alisema sala. Georgette alitaka kulia lakini woga ulikuwa umekausha kila kitu.

Walishukia Mwene-Ditu, ndani ya Kasai. Kazadi, mtoto wa Kasai kwa jina, alitembea katika mji ule kama kipofu, akiuliza njia kwa Kiswahili, na watu wakicheka au wakikunja uso. Walipewa chumba nyuma ya nyumba ya Mkristo mmoja. Siku ya tatu unga uliisha, Georgette akaenda sokoni peke yake.

Alipokaribia safu ya wauza mihogo, mazungumzo yalikatika. Walikuwa wamekwisha kusikia kwamba kati ya waliofukuzwa yupo mke mmoja Mkatanga, wa kabila la waliofukuza. Wanawake wanane au tisa walimtazama, kisha wakaanza kutazamana. Georgette aliujua mtazamo ule. Alijua kwamba wakimaliza kutazamana, jambo litakuwa limekwisha kuamuliwa, na hakuna hata mmoja wao atakayejua aliyeliamua.

Hakungoja. "Moyo wenu, bamama!" aliwasalimu kwa sauti, kwa Kiluba kidogo cha Kasai alichofundishwa na Nkambo kwenye stesheni, akilitamka neno vibaya.

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa pembeni akinyonyesha akacheka kwa jinsi alivyolipinda neno, akajibu, "Moyo webe." Wa pili yake akajibu. Mwingine akamwuliza anataka mihogo mikavu au mibichi.

Georgette na Kazadi walibaki Mwene-Ditu. Kazadi alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na baada ya miaka alipata wateja wengi, ingawa hakuacha kuota mitambo. Exaucé alikua mrefu kama baba yake. Jessy aliolewa na mtu wa palepale. Gertrude waliwahi kupata habari zake kupitia msafiri: yu hai, na anauliza kama Georgette amemsamehe. Georgette alituma jibu kwa msafiri huyohuyo, asijue kama lilifika.

Woga haukumtoka. Hadi uzeeni, watu wakinyamaza ghafla chumbani, hata kama ni kwa sababu tu mtu ameleta chakula, viganja vyake vililowa, na mumewe, aliyejua, alianza haraka kuzungumza habari ya mvua.